Kuvuka Kamba Si Ushujaa

Kila zama ina safari zake. Wazee wetu walisafiri kwa jahazi, wakenda na kusi na wakirudi na kaskazi, wala hakuna aliyeng'oa nanga kabla ya kuuliza khabari ya upepo, ya maji, na ya nahodha. Leo wako wana wetu, walioko Mombasa na Unguja, na walioko Ghuba, Uingereza na Kanada, wanaojipangia safari ya Japani kwenda kuteleza mlimani juu ya theluji, wamefunga miguuni zile mbao mbili ndefu nyembamba ziitwazo skii.

Huenda ukadhani tumeshika kalamu ili tuwakataze. Sivyo. Kuutazama ulimwengu ni elimu, kuuzoesha mwili taabu ni afya, na mwenye mali ya halali ana haki ya kujiburudisha kwa halali. Tunalolipinga si safari. Tunalolipinga ni namna safari hii inavyopangwa, na kiburi kilichojificha ndani ya mpango wake.

Itazame orodha ya anayekwenda mara ya kwanza. Kwanza ameandika nauli. Pili ameandika hoteli yenye dirisha la kuutazama mlima. Tatu ameandika koti la rangi kali litakalopendeza katika picha. Nne ameandika jina la mahali penye theluji nyingi kuliko pote, ile ambayo haijakanyagwa na mguu wa mtu. Muulize: mwalimu yuko wapi katika orodha hii? Atakwambia, "Tutaona huko huko." Muulize bima, atakwambia, "Mungu yupo." Muulize khabari ya zile kamba walizozifunga wenyeji kuonyesha mwisho wa mahali pa salama, atakucheka na kukwambia kuwa kamba ni za waoga. Basi orodha yake ina kila kitu isipokuwa yale matatu yanayomrudisha mtu kwao akitembea kwa miguu yake.

Theluji hii inatoka wapi?

Haifai kukisema kitu kabla ya kukijua. Miezi ile ile ambayo kwetu huvuma kaskazi, tangu Desemba mpaka Machi, upepo mkavu wenye baridi kali hutoka Siberia ukavuka Bahari ya Japani. Bahari ile ina mkondo wa maji ya vuguvugu utokao kusini. Upepo hunywa mvuke juu ya maji hayo, kisha hukutana na milima ya Japani. Hapo hulazimika kupanda, na ukipanda hupoa, na ukipoa huutua mzigo wake wote kwa sura ya theluji. Ndiyo sababu upande wa magharibi wa nchi ile huzikwa na theluji, na Tokyo iliyo ng'ambo ya pili ya milima huweza kukaa siku nyingi katika jua kavu.

Niseko, katika kisiwa cha Hokkaido, hutajwa kupata kiasi cha mita 14 au 15 za theluji kwa msimu mmoja, ikijumlishwa ile ya kila siku. Sukayu, katika milima ya Hakkoda, theluji iliyolala chini ilipimwa Februari 2013 ikafika sentimita 566, kimo cha watu watatu na zaidi wakipandiana mabegani.

Theluji ya namna hiyo ni kavu na nyepesi kama unga uliochujwa. Hiyo ndiyo raha yake, na hiyo hiyo ndiyo khatari yake. Kwani inayoanguka kwa wingi hivyo hulala tabaka juu ya tabaka, na tabaka moja la chini likiwa dhaifu, uzito wa mtu mmoja huweza kuling'oa bega zima la mlima likaporomoka bondeni. Tena chini ya matawi ya miti theluji haijai vizuri. Hubaki shimo kulizunguka shina, limefunikwa juu lisionekane. Atumbukiaye humo kichwa mbele mara nyingi hawezi kujitoa peke yake. Kila akitapatapa theluji humwagika zaidi juu yake, akakosa pumzi naye yu hatua chache tu na wenziwe.

Sasa tuzitazame hoja za wenye kudharau, moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza: "Theluji ni laini, ukianguka huumii"

Mwenye kusema hivi ameiona theluji katika picha. Njia za kutelezea, ambazo mgeni wa mchezo huanzia, husawazishwa na kushindiliwa kwa mashine kila usiku. Asubuhi, baada ya baridi ya usiku, huweza kuwa ngumu kama sakafu. Na hata ikiwa laini, si theluji peke yake inayovunja mtu. Mguu umefungwa ndani ya kiatu kigumu, na kiatu kimefungwa juu ya ubao mrefu. Mwili ukigeuka na ubao usigeuke, goti ndilo linalolipa.

Kwa ajili hiyo wakatengeneza kifungo kinachojifungua chenyewe mtu aangukapo. Kifungo hicho hukazwa kwa kadiri ya uzito wa mtu, kimo chake, na ujuzi wake. Fundi wa duka la kukodisha atakuuliza mambo hayo matatu. Basi yule anayeona haya kutaja uzito wake wa kweli, au anayejiita mzoefu naye ni mwanzo, ameudanganya ufunguo wa mguu wake mwenyewe. Ukikazwa mno hautafunguka wakati wa haja. Ukilegezwa mno utafunguka wakati usio wake. Uwongo mdogo dukani, goti zima mlimani.

Hoja ya pili: "Mwalimu ni kutupa pesa, rafiki yangu atanifundisha"

Hoja hii tunaijibu kwa khabari za Wajapani wenyewe.

Mwezi wa Januari 1902, jeshi la Japani lilikuwa likijizoesha vita vya baridi kwa kuikhofu Urusi. Kikosi cha askari 210 kilitoka mji wa Aomori kuvuka sehemu ya milima ya Hakkoda, mwendo wa kiasi cha kilomita ishirini tu. Walikwenda bila ya mwenyeji wa kuwaongoza. Dhoruba ikawashika, wakapotea, wakazunguka siku kadhaa katika baridi. Katika watu 210 walikufa 199. Siku hizo hizo kikosi kingine, cha watu wasiofika arobaini, kilitoka Hirosaki na kuivuka milima ile ile kwa safari ndefu zaidi. Hawa walitanguliwa na wenyeji wa vijiji wanaoijua njia. Wote walirudi hai. Tofauti baina ya vikosi viwili zilikuwa zaidi ya moja, kwani kimoja kilikuwa kikubwa na kingine kidogo. Lakini hakuna asomaye kisa hiki asiione thamani ya yule mwanakijiji aliyekwenda mbele.

Na haikupita miaka kumi, nchi ile ile ya theluji ikakubali kukaa chini ikafundishwa. Afisa wa Austria na Hungaria, Theodor von Lerch, alikuwa amekuja kulitazama jeshi la Japani lililoishinda Urusi mwaka 1905. Tarehe 12 Januari 1911, huko Takada, mji ambao leo ni sehemu ya Joetsu katika mkoa wa Niigata, alianza kuwafundisha askari wa Japani kuteleza kwa skii. Zingatia, ndugu msomaji. Watu waliozaliwa katika theluji na kuishi ndani yake karne nyingi, tena washindi wa vita, hawakuona haya kusema: "Tufundishe." Wewe uliyezaliwa Makadara au Malindi, theluji yako ya kwanza ukiiona ndani ya jokofu, waona haya ya nini?

Nawe usidhani kuwa mwanamichezo hodari hahitaji mwalimu. Mwaka 1998 michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika Nagano, huko huko Japani. Kenya ikawakilishwa na Philip Boit, mkimbiaji aliyegeuzwa mchezaji wa skii za masafa. Mtu huyu alikuwa na mapafu ya watu wa Bonde la Ufa na nguvu za miguu zinazojulikana duniani. Hata hivyo alipelekwa Finland tangu 1996 kufundishwa. Alishindana kilomita 10 akamaliza wa mwisho, kiasi cha dakika ishirini nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Na Dæhlie akangoja mwisho wa njia mpaka Boit akafika, akamkumbatia. Ulimwengu ukamheshimu Boit hali ya kuwa wa mwisho, kwani alimaliza alichokianza na alikuwa amekisomea. Ikiwa mtu kama huyo alihitaji muda huo wote na walimu, wewe unayekwenda kwa juma moja wataka kuanza bila ya mtu?

Ama yule rafiki, yeye anajua kuteleza, lakini kujua si kufundisha. Mara nyingi humpandisha mwenziwe kwa viti vya waya mpaka juu asikostahili kuwako, akamwonyesha mara mbili, kisha akachoka kungoja akateremka zake. Mwalimu wa kweli huanza chini, penye mteremko mdogo. Hukufundisha kwanza kuanguka na kuinuka, kisha kuzikutanisha ncha za mbele za skii na kuzitanua za nyuma ili upunguze mwendo, kisha kusimama, kisha kugeuka. Asiyejua kusimama hana haja ya kujua kwenda. Na faida ya kusimama si yako tu. Aliye chini yako mlimani hakuoni, usalama wake umo mikononi mwa wewe uliye juu, na hiyo ni amana.

Hoja ya tatu: "Nimelipa pesa zangu, kamba ni za waoga"

Hapa ndipo penye uovu hasa, na hapa ndipo tunapokusudia.

Theluji isiyokanyagwa ipo nje ya kamba, na picha zake ndizo zinazowavuta watu. Mtu hufika Niseko au Hakuba, akajifunza kidogo siku mbili, siku ya tatu akawaona wengine wameinama wakapita chini ya kamba, naye akainama. Hajui kama wale wamesomea mambo hayo miaka mingi. Hajui kama wana kile chombo cha redio kinachopeleka ishara kutoka chini ya theluji, na ufito mrefu wa kuchomea ili kumtafuta aliyefunikwa, na koleo la kumfukulia. Hajui hata kama wale nao ni wajinga kama yeye.

Watu wa Niseko hawakufunga kamba kwa ubakhili. Tangu mwaka 2001 wana kanuni zao zinazojulikana. Kanuni hizo hazimkatazi mjuzi kutoka nje. Zinamwambia atoke kwa milango maalumu tu. Mlango ukifungwa kwa ajili ya khatari, hatoki mtu. Kamba haivukwi hata siku moja. Kila asubuhi watu wazoefu huipima theluji na upepo, kisha hutolewa tangazo la khatari ya maporomoko kwa siku hiyo. Na aokolewaye nje ya mipaka huweza kudaiwa gharama za kutafutwa. Hebu niambie, uungwana gani zaidi ya huu? Wamekuwekea mlango, wamekuwekea onyo, na wewe waruka dirisha.

Meli kubwa ikifika mlango wa Kilindini, nahodha wake aliyevuka bahari kuu kwa ujuzi wake hupandisha rubani. Hasemi, "Nimelipa ushuru, niacheni nipite nitakapo." Anajua kwamba mwamba hauulizi umelipa nini. Na poromoko la theluji halitazami tikiti iliyoning'inia kifuani.

Wala halitazami ujuzi. Tarehe 29 Januari 2023, katika milima ya Otari mkoani Nagano, poromoko liliua watu wawili. Mmoja wao alikuwa Kyle Smaine, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2015 katika fani yake ya skii. Hatumtaji kwa kumlaumu. Alikuwa stadi, na jamaa zake wana msiba wao. Twamtaja ili ujipime. Tarehe 27 Machi 2017, huko Nasu mkoani Tochigi, wanafunzi saba wa sekondari na mwalimu wao mmoja walikufa katika poromoko, wote wenyeji wa nchi, wakiwa katika mafunzo ya kupanda mlima. Basi ikiwa bingwa alifunikwa na wenyeji walifunikwa, wewe wa siku ya tatu una hirizi gani?

Tena aliyefunikwa hana saa nyingi za kungojea. Matumaini yake hupungua sana baada ya dakika kumi au kumi na tano za mwanzo. Kwa hiyo anayekuokoa kwa hakika ni yule uliye naye, akiwa na vyombo na akijua kuvitumia. Ukiwa na wenzako wanne wajinga mfano wako, hapana waokoaji hapo. Wapo watano wa kuokolewa.

Na fikiri juu ya watakaopanda kukutafuta. Ni walinzi wa mlima, ni polisi, ni watu wa kijiji wenye wake na watoto wanaowangoja kwa chakula cha jioni. Nao watalazimika kuingia katika mteremko ule ule ulioua, pengine katika dhoruba na giza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe waja ili mwenyeji afe? Ukivuka kamba hukuchezea roho yako peke yako. Umeitia rehani roho ya mtu usiyemjua jina.

Hoja ya nne: "Bima ya nini? Ajali ni kadari"

Hakuna anayekataa kadari. Lakini twawaona wenye kusema haya wakifunga milango ya nyumba zao usiku kwa komeo mbili. Mbona huko hawaiachii kadari? Kumtegemea Mungu ni baada ya kufanya yaliyo katika uwezo wako, si badala yake.

Ukweli ni huu. Mgeni asiye na bima akilazwa hospitali Japani hulipa gharama zote mwenyewe, na mguu uliovunjika, upasuaji wake, na kurudishwa kwa ndege akiwa amelazwa, si mambo madogo. Nani atakayelipa? Si yule rafiki aliyemcheka mwalimu. Watakaolipa ni mama aliyeko Bondeni atakayeuza bangili zake, ni ndugu watakaopitisha kikapu msikitini, ni shangazi aliyekuwa akiweka akiba ya kwenda Hija. Furaha ya mmoja imekuwa deni la ukoo.

Wako wenye shaka juu ya bima kwa upande wa dini. Shaka yao twaiheshimu, na wawaulize wanavyuoni wao. Ziko takaful, na aliyeridhika nayo achukue hiyo. Asiyeridhika na yoyote, basi na atenge kando fedha ya kutosha kujiuguza, aikabidhi kwa mtu mwaminifu kabla ya kuondoka. Akiwa hana fedha hiyo, bado hana uwezo wa safari hii, hata kama nauli anayo.

Na anayenunua asome maandishi madogo. Bima nyingi za kawaida za safari hazigusi skii mpaka uongeze malipo, na nyingine zinazoigusa humwacha mkono aliyeumia nje ya kamba. Uliza kwa ulimi ulio wazi: "Nikivunjika nikiteleza, mtalipa? Mtalipa uokozi wa mlimani? Mtalipa kunirudisha nyumbani?" Jawabu uipate kwa maandishi.

Basi mpango mwema ni upi?

Asiyependa njia hii imekuwa wajibu wake kuonyesha njia nyingine. Nasi twasema, panga kinyume cha orodha ile.

Anza na mwalimu. Mtafutie nafasi mapema, wa lugha unayoifahamu, kwa siku tatu za mwanzo kwa uchache. Ikiwa fedha haitoshi mwalimu na hoteli ya dirisha zuri, punguza dirisha. Aliyeko Dubai ana bahati nyingine. Tangu mwaka 2005 mji ule una jumba la theluji, na mtu aweza kujifunza humo kusimama na kugeuka kabla hajapanda ndege.

Kisha chagua mahali panapomfaa mwanzo, usichague panapomfaa bingwa. Kutoka Tokyo, treni ya mwendo wa kasi hufika Yuzawa, mkoani Niigata, kwa muda wa kiasi cha saa moja na robo. Na Gala Yuzawa stesheni yenyewe imo ndani ya jengo la skii. Nagano nayo hufikiwa kwa kiasi cha saa moja na nusu, na kutoka hapo mabasi huenda Hakuba, Nozawa Onsen na Shiga Kogen. Anayetaka Hokkaido hushuka uwanja wa New Chitose, kisha basi la saa mbili na zaidi hadi Niseko. Mahali pote hapo pana miteremko ya wanaoanza. Alama ya kijani ni ya mwanzo, nyekundu ni ya wa kati, nyeusi ni ya mjuzi. Kaa kwenye kijani mpaka mwalimu, si rafiki, akwambie toka.

Mwenye pasipoti ya Kenya au ya Tanzania apate viza kabla ya kuondoka, na ajue hakuna ndege ya moja kwa moja. Atapitia Doha, Dubai, Addis Ababa au mfano wake. Asiteleze siku ile ya kufika, naye hajalala.

Skii, viatu na kofia ngumu vikodishwe huko huko. Mwanzo hanunui. Nunua glavu njema na nguo za ndani za sufi. Fulana ya pamba usiivae chini, kwani ikilowa jasho hukaa na maji na kukunyang'anya joto. Dada zetu wavae ushungi wa kubana, mwepesi, wa kuingia chini ya kofia ngumu. Ushungi mrefu, mtandio, au ncha yoyote inayoning'inia huweza kunaswa na viti vya waya, na kiti hakingoji.

Ama sala na chakula, navyo huingia katika mpango, si mambo ya kukumbukia njiani. Mchana wa baridi huko ni mfupi. Niseko mwanzoni mwa Januari jua huchwa kabla ya saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo adhuhuri na alasiri hukaribiana, na anayesema "nitasali nikishuka" atashuka magharibi imeingia. Teremka kwa chakula cha mchana, sali, ndipo upande tena. Kibla ni upande wa magharibi ukielekea kaskazini. Na wewe ufuataye madhehebu ya Shafii kumbuka kuwa ukinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, rukhsa ya kupunguza sala imekuondokea. Wengi huisahau hiyo.

Supu za tambi huko mara nyingi hupikwa kwa mifupa na mafuta ya nguruwe, na michuzi mingi hutiwa pombe ya kupikia, hata ile ya samaki. Ni wepesi kukodi nyumba yenye jiko, ukanunua samaki, wali na mayai, na pilipili ukachukua kwenu. Vyumba vya kuogea vya maji ya moto ya ardhini ni fahari ya nchi ile. Nozawa Onsen peke yake ina 13 vya wote. Lakini huogewa uchi, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Nyumba nyingi za wageni zina cha kuogea peke yako kwa kukodi. Uliza hicho, wala usiingie cha wote na nguo ukawaudhi wenyeji. Ukienda kwa watu una njia mbili: kufuata desturi yao, au kujitenga nayo kwa adabu. Kuivunja mbele yao si mojawapo.

Neno la mwisho

Ndugu msomaji, tuliyoyasema hayakuhusu theluji peke yake. Maradhi ni yale yale, ya kutaka kuonekana umefika kabla ya kujifunza njia. Kijana anayevuka kamba kule Japani ndiye yule yule anayeendesha pikipiki Nyali bila kofia ili apigwe picha. Mlima umebadilika, nafsi ni ile ile. Na picha iliyotumwa nyumbani jioni haionyeshi nani alibaki shimoni chini ya mti.

Wewe baba, wewe mama, mwanao akikuletea khabari ya safari hii, usimkemee wala usimsifu. Muulize maswali matatu. Nani atakufundisha? Nani atalipa ukivunjika? Na kamba utaivuka au hutaivuka? Akiyajibu sawasawa, muombee dua na umwachie aende, ajionee ajabu ya upepo uliobeba bahari ukaimwaga mlimani kwa rangi nyeupe. Akibabaika hata katika moja, mwambie safari bado haijaiva. Mlima ule haukimbii, na msimu ujao theluji itaanguka tena.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wahenga wetu hawakupata kuiona skii, lakini mguu waliujua.